Sauti Zilizotoka Alief

Wapenzi wa katuni hulijua jina la Hollywood, na wanaofuatilia zaidi huyajua majina ya Tokyo: Toei, Gainax, Madhouse. Alief haimo katika orodha hiyo. Ni eneo la kusini magharibi mwa jiji la Houston, Texas, lenye maduka ya Wavietnamu, mikahawa ya Wanigeria na safu ndefu za nyumba za kupangisha. Hata hivyo, kwa miaka mingi wahusika waliochorwa Japani walikuja kujifunzia Kiingereza chao hapa, ndani ya ofisi zilizokuwa kando ya barabara ya mzunguko ya Sam Houston, msimbo wa posta 77099.

Ofisi hizo zilikuwa za A.D. Vision, kampuni ambayo watazamaji waliijua kwa jina la ADV Films. Haikuwa studio ya wachoraji, ingawa baadaye ilitia fedha zake katika filamu chache zilizochorwa Japani. Kazi yake ilikuwa kununua haki za katuni za Kijapani, kuzitafsiri, kuzitia sauti za Kiingereza na kuziuza. Kampuni hiyo na mpinzani wake Funimation, iliyojijenga viungani mwa Fort Worth na Dallas, ziliifanya Texas kuwa mojawapo ya vituo vikuu vya kazi hiyo duniani. Na asili ya kampuni zote mbili iko mbali na sanaa: moja ilitokana na biashara ya michezo ya video, nyingine na kinu cha chakula cha mifugo.

Alief yenyewe ilianza kama kituo cha reli kati ya mashamba. Ramani ya mji ilichorwa miaka ya 1890, na jina likatoka kwa Alief Ozelda Magee, msimamizi wa kwanza wa posta. Mafuriko ya 1899 na kimbunga cha 1900, kilekile kilichoiangamiza Galveston, viliwafukuza wakazi wengi, na waliobaki wakageukia mpunga. Kwa miongo kadhaa ikawa nchi ya wakulima na wafugaji. Houston ilipotajirika kwa mafuta miaka ya 1970, jiji liliisogelea na kuimeza, na nyumba za kupangisha zikaota kila upande.

Kisha bei ya mafuta ikaporomoka miaka ya 1980. Wafanyakazi wakaondoka, vyumba na ofisi vikabaki vitupu, kodi ikashuka. Hasara ya wenye majengo ikawa nafuu ya wageni: wakimbizi wa Vietnam, wahamiaji wa Amerika ya Kati, Wanigeria, Wapakistani, na katika miaka ya karibuni familia za Kikongo zinazozungumza Kiswahili, ambazo zimeweka makazi katika upande huohuo wa jiji. Mfanyabiashara kijana mwenye mtaji mdogo naye aliweza kupata nafasi katika mji wa namna hiyo.

Kijana mmojawapo alikuwa John Ledford. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa akiagiza michezo ya video kutoka Japani na kuiuza Marekani. Kupitia biashara hiyo akakutana na anime, yaani katuni za Kijapani, filamu ya My Neighbor Totoro ikiwa miongoni mwa zilizomvutia. Mwenzake, Matt Greenfield, alikuwa mtu wa klabu ya anime ya Houston, na alizijua filamu hizo kwa undani ambao mfanyabiashara peke yake asingekuwa nao. Mwaka 1992 wakaanzisha A.D. Vision. Hawakuweza kuanza na Totoro. Waliiendea kampuni ya Toho na kuondoka na haki za Devil Hunter Yohko, kisa cha msichana wa shule anayegundua kwamba ukoo wake ni wa wawinda mapepo. Kanda yao ya kwanza ilitoka mwishoni mwa mwaka huohuo, ikiwa na sauti ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya picha.

Hawakuwa wa kwanza. AnimEigo na Streamline Pictures zilikuwa zimeanzishwa tangu 1988, na Central Park Media ya New York ilianza 1990. Lakini Texas ilikuwa na kitu kingine: mashabiki waliojipanga. Katika miaka ya 1980, kabla hakujawa na duka la kuuza anime, klabu za vijana zilikuwa zikirudufu kanda kutoka Japani na kuzipitisha mkono kwa mkono, kila nakala ikiwa na chenga zaidi ya iliyotangulia. Mara nyingi hazikuwa na tafsiri. Walitazama wakiwa na karatasi iliyopigwa chapa yenye muhtasari wa kisa, au mmoja anayejua Kijapani kidogo akiwaeleza wenzake. Huko Dallas mashabiki hao walianzisha mkutano wa Project A-Kon mwaka 1990, ambao ni miongoni mwa mikutano ya anime yenye umri mrefu kuliko yote Marekani. ADV ilizaliwa ikiwa na wateja tayari.

Biashara yenyewe ilikuwa ya kanda za VHS, na kanda zilikuwa na tatizo moja: kila moja ilibeba lugha moja tu. Msambazaji alilazimika kutoa kanda mbili za kisa kilekile, moja ya maandishi kwa mashabiki wagumu na moja ya sauti za Kiingereza kwa watu wa kawaida. Ajabu ni kwamba ile ya maandishi, iliyogharimu kidogo kuitengeneza, ndiyo iliyouzwa bei ya juu, kwa sababu wanunuzi wake walikuwa wachache. Kanda moja kwa kawaida ilikuwa na vipindi viwili. Aliyetaka mfululizo wa vipindi 26 alihitaji kanda 13, na alizinunua moja baada ya nyingine kwa muda wa mwaka mmoja au miwili.

Hivyo ndivyo Neon Genesis Evangelion ilivyoingia Marekani. Mfululizo huo wa Hideaki Anno na studio ya Gainax ulianza kuonyeshwa TV Tokyo mwezi Oktoba 1995. ADV ilinunua haki zake mapema, kabla sifa zake hazijavuma nje ya Japani, na kanda ya kwanza ikatoka mwaka 1996. Ya mwisho, ya 13, ilitoka 1998. Greenfield mwenyewe aliongoza kazi ya kurekodi sauti. Spike Spencer akawa Shinji, kijana mwoga anayelazimishwa na baba yake kuendesha jitu la kivita. Tiffany Grant akawa Asuka, Amanda Winn-Lee akawa Rei, Allison Keith akawa Misato. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa nyota. Leo mashabiki wa rika fulani huwatambua kwa sauti kabla ya kuambiwa majina yao.

Kazi ya kuingiza sauti haifanani na uigizaji wa jukwaani. Mtafsiri huandika kwanza maneno yalivyo. Mwandishi wa pili huyachukua na kuyakata au kuyarefusha ili yaendane na mdomo wa mhusika unavyofunguka na kufungwa, maana picha imekwisha kuchorwa na haiwezi kusubiri. Mwigizaji huingia chumbani peke yake, bila wenzake anaozungumza nao katika kisa. Hutazama sehemu fupi kwenye skrini, husikia milio mitatu masikioni, na pale ambapo mlio wa nne ungelia ndipo huanza kusema. Akikosea nusu sekunde, hurudia. Ugomvi mkali kati ya wahusika wawili unaweza kuwa umerekodiwa kwa siku mbili tofauti na watu ambao wiki hiyo hawakuonana kabisa.

Kwa nini Texas na si Los Angeles, kwenye waigizaji tele? Jibu lake ni la fedha. Tangu 1947 Texas ina sheria inayozuia mtu kulazimishwa kujiunga na chama cha wafanyakazi ili apate kazi, na rekodi nyingi za Houston na Dallas zilifanyika nje ya mikataba ya chama cha waigizaji. Kodi ya mapato ya jimbo haipo. Majengo yalikuwa ya bei nafuu. Miji yote miwili ilikuwa na vikundi vya maigizo vyenye watu waliofundishwa kazi lakini wanaolipwa kidogo, na kwao saa chache ndani ya chumba cha kurekodia zilikuwa nyongeza ya kipato.

Kilomita 400 hivi kuelekea kaskazini, kisa kingine kilikuwa kikijitengeneza. Gen Fukunaga alikuwa na mjomba wake, Nagafumi Hori, aliyekuwa mtayarishaji katika kampuni ya Toei. Hori alimweleza kwamba akiweza kuanzisha kampuni na kukusanya mtaji wa kutosha, Toei ingempa haki za Dragon Ball kwa soko la Marekani. Fukunaga hakuwa na fedha hizo. Alimwendea mfanyakazi mwenzake, Daniel Cocanougher, ambaye familia yake ilimiliki kinu cha chakula cha mifugo huko Decatur, mji mdogo kaskazini magharibi mwa Fort Worth. Familia ilishawishika kuuza kinu na kuziweka fedha kwenye katuni ya mtoto mwenye mkia wa nyani. Funimation ilianzishwa California mwaka 1994, na muda si mrefu ikahamia North Richland Hills, jirani na Fort Worth.

Mwanzo wake haukuwa wa Texas kwa sauti. Vipindi 13 vya kwanza vya Dragon Ball, vilivyorushwa 1995, viliingizwa sauti Vancouver, Kanada. Mwaka uliofuata Funimation iliungana na kampuni ya Saban na kuonyesha Dragon Ball Z, tena kwa waigizaji wa Vancouver. Vipindi 67 vya Kijapani vilikatwakatwa vikawa 53. Televisheni ya watoto ya Marekani haikutaka kifo, kwa hiyo mashujaa walipouawa ilielezwa kwamba wamepelekwa kwenye ulimwengu mwingine. Mashetani wa kuzimu walikuwa wamevaa fulana zilizoandikwa kwa herufi kubwa HELL, yaani Jehanamu. Mafundi walizichezea herufi hizo zikasomeka HFIL, kisha mahali hapo pakapewa jina la nyumba ya watu wanaoshindwa milele. Mizaha ya mashabiki kuhusu HFIL haijaisha mpaka leo.

Onyesho hilo lilisimamishwa mwaka 1998. Kisha, Agosti ya mwaka huohuo, marudio yake yakaanza kuonyeshwa jioni katika kipindi cha Toonami cha Cartoon Network, na watazamaji wakamiminika. Funimation sasa ilikuwa na soko, ila haikuwa tena na Saban, na waigizaji wa Vancouver walikuwa ghali. Ikaamua kujitegemea nyumbani. Mwigizaji Christopher Sabat alipewa wahusika Vegeta, Piccolo na wengine kadhaa; Sean Schemmel akapewa Goku, shujaa mkuu. Vipindi vipya vya Texas vilianza kuonekana 1999.

Mabadiliko hayakuishia kwenye maneno. Japani, sauti ya Goku ni ya mwanamke, Masako Nozawa, tangu utoto wa mhusika huyo hadi utu uzima wake. Texas walimpa sauti nzito ya kiume. Muziki wa asili wa Shunsuke Kikuchi uliondolewa, na mtunzi wa Dallas, Bruce Faulconer, akaandika mpya wenye gitaa la umeme na sinthesaiza, uliopigwa karibu bila kupumzika. Mjapani aliyeukumbuka ukimya kabla ya pambano na Mmarekani aliyekumbuka ngoma zikidunda walikuwa wanakumbuka kipindi kilekile. Nakala za Kiingereza zilipoenea nje ya Marekani, hiki cha Texas kilikuwa miongoni mwa vilivyosafiri.

Msomaji wa Kiswahili hapa yuko kwenye ardhi anayoijua. Dar es Salaam ilikuwa na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili na kuwafanya watazamaji wa vibanda umiza waelewe, wacheke na wabishane. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina kizazi kizima cha wasimulizi wanaoitwa VJ, akiwamo VJ Jingo. Wasimulizi hao huzungumza juu ya sauti ya asili, huwapa wahusika majina ya mtaani, huongeza mzaha na mara nyingine hukosoa upumbavu wa jambazi kabla hajapigwa risasi. Hawasomi maandishi ya mtu. Texas walifanya kinyume: sauti ya asili ilifutwa yote, na ya Kiingereza ikapimwa dhidi ya midomo. Kampuni iliyosaini mkataba na Tokyo haikuwa na uhuru wa msimulizi wa kibandani.

Isipokuwa mara moja. Kati ya mwaka 2000 na 2001, televisheni ya Fuji ilionyesha mfululizo wa studio ya Pierrot kuhusu watoto wa shule wanaopambana na mizimu. ADV ilipoununua na kuutoa mwaka 2005 kwa jina la Ghost Stories, iliruhusiwa kuubadilisha itakavyo. Kwa maelezo ya waliofanya kazi hiyo, masharti yalikuwa machache: majina yasibadilishwe, namna mizimu inavyoshindwa isiguswe, na kiini cha kila kipindi kibaki. Mwongozaji Steven Foster akaugeuza mfululizo wa kutisha watoto kuwa vichekesho vya watu wazima. Mtoto mmoja akawa mlokole asiyenyamaza. Wahusika walitaniana kuhusu siasa za Marekani, waigizaji wa Hollywood na hata ubaya wa katuni waliyomo. Hilary Haag, Greg Ayres, Monica Rial na wenzao waliruhusiwa kubuni papo hapo ndani ya chumba cha kurekodia, na aliyetangulia kuingia siku hiyo ndiye aliyeweka mzaha ambao waliofuata walilazimika kuuendeleza.

Baadhi ya mizaha hiyo leo inakera, na mingine imechuja kwa sababu habari zilizolengwa zimesahauliwa. Lakini Ghost Stories bado inatazamwa, na wengi wa wanaoitafuta wanataka ile ya Houston hasa. Lufufu angeitambua kazi hiyo mara moja.

Mwaka uliofuata ADV ilionyesha upande wake wa pili, ule wa heshima. Iliingiza sauti upya katika The Super Dimension Fortress Macross, mfululizo wa 1982 ambao Wamarekani waliufahamu kwa umbo lililokatwa na kuunganishwa upya la Robotech. Kwa mhusika Lynn Minmay, mwimbaji kijana ambaye nyimbo zake zinazima vita, walimwita Mari Iijima, mwanamke yuleyule aliyempa sauti kwa Kijapani zaidi ya miaka 20 nyuma na ambaye sasa aliishi Marekani. Ni nadra sana kwa mwigizaji mmoja kumtia mhusika mmoja sauti katika lugha mbili.

DVD ndiyo iliyofanya mambo haya yawezekane. Diski moja ilibeba Kijapani, Kiingereza na maandishi kwa pamoja, na ule ugomvi wa kanda mbili ukafa. Mauzo yakapanda, na ADV ikatanuka. Mwaka 2002 ilianzisha toleo la Marekani la jarida la Newtype na chaneli yake ya televisheni, Anime Network. Ilichapisha manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani. Ilishiriki kutengeneza Sin: The Movie ya mwaka 2000, anime iliyotokana na mchezo wa video wa kampuni ya Ritual ya Dallas, kisa cha Kitexas kilichopelekwa Japani kuchorwa. Mwaka 2003, kwenye tamasha la Cannes, ilitangaza pamoja na Gainax na Weta Workshop ya New Zealand, waliotengeneza silaha na viumbe vya The Lord of the Rings, kwamba watatoa filamu ya Evangelion yenye waigizaji halisi. Michoro ya awali ilionekana. Filamu haikutengenezwa, na mwaka 2011 ADV na Gainax walikuwa mahakamani Texas wakigombania haki zake.

Chanzo cha anguko kilianza kujionyesha 2006. Mwezi Januari kampuni ya Musicland, iliyomiliki maduka ya Suncoast na Sam Goody yaliyokuwa na rafu ndefu za anime, iliomba ulinzi wa kufilisika. Intaneti ya kasi ilikuwa imewapa vijana uwezo wa kupata vipindi vilivyotafsiriwa na mashabiki siku chache baada ya kuonyeshwa Japani, bila malipo. Mwaka huohuo kampuni ya biashara ya Kijapani, Sojitz, iliingia ADV kwa kununua asilimia 20 ya hisa, na fedha hizo zikatumika kujizolea haki za mifululizo mingi kwa bei kubwa. Mpango ulipoharibika, ADV ilibaki na kazi nyingi na mtaji mdogo. Mwanzoni mwa 2008 majina ya mifululizo yakaanza kutoweka kwenye tovuti yake kimya kimya. Newtype USA ikafungwa mwezi Februari. Mwezi Julai, zaidi ya majina 30 yaliyokuwa ya ADV yakatangazwa kuwa ya Funimation.

Hapo ndipo inaonekana kwamba katika biashara hii haki na sauti ni mali mbili tofauti. Haki ni karatasi, na zinaweza kuhama kutoka Houston kwenda Flower Mound, makao ya Funimation wakati huo, kwa siku moja. Sauti ina mwenyewe. Filamu mbili za Evangelion za mwaka 1997 zilipochukuliwa na Manga Entertainment badala ya ADV, Amanda Winn-Lee, aliyekuwa Rei, ndiye aliyesimamia uingizaji sauti wa Kiingereza uliotoka 2002, na wenzake wa Houston wakaitwa tena. Funimation ilipopata filamu mpya za Evangelion miaka michache baadaye, iliwaita Spencer, Grant na Keith. Kampuni iliyowapa nafasi ya kwanza ilikuwa ikifa, nao walikuwa wakisafiri kwenda kufanya kazi kwa mpinzani wake, kwa sababu mashabiki wasingemkubali Asuka mwingine kirahisi.

Septemba 1, 2009, ADV ilifunga milango na mali zake zikagawanywa kati ya kampuni kadhaa zenye majina mapya: Section23 Films, Seraphim Digital, Valkyrie Media Partners na nyinginezo. Karibu nazo ilikuwepo Sentai Filmworks, iliyoanzishwa mwaka mmoja kabla, Ledford akiwa tena usukani. Kwa anayetazama kutoka barabarani hakuna kikubwa kilichobadilika: jengo lilikuwa lilelile la Alief, na wengi wa mafundi na waigizaji walikuwa walewale.

Texas haikuishia kwenye kuazima picha za wengine. Huko Irving, kati ya Dallas na Fort Worth, John A. Davis na Keith Alcorn walianzisha DNA Productions mwaka 1987. Davis alikuwa na wazo la mtoto anayejiundia roketi, jina lake la kwanza Johnny Quasar. Liligeuka kuwa Jimmy Neutron: Boy Genius, filamu iliyotoka Desemba 2001, ikatengenezwa kwa programu ambazo mtu yeyote angeweza kuzinunua, kwa gharama ya dola milioni 30 hivi, na ikaingiza zaidi ya milioni 100. Mwaka 2002 Oscar ilipotolewa kwa mara ya kwanza kwa filamu ndefu ya katuni, ilikuwa mmoja wa washindani watatu, sambamba na Shrek na Monsters, Inc. Filamu ya pili ya studio, The Ant Bully ya 2006, haikufanya vizuri, na DNA ikafungwa mwaka huohuo.

Funimation ndiyo iliyobaki imesimama, na bei yake inasimulia mengi. Mwaka 2005 kampuni ya Navarre iliinunua kwa dola milioni 100.4 taslimu na hisa milioni 1.8 juu yake. Mwaka 2011, soko la DVD likiwa limekauka, kundi la wawekezaji akiwamo Fukunaga mwenyewe liliinunua tena kwa dola milioni 24 tu. Kisha utazamaji wa mtandaoni ukaigeuza hesabu: mwaka 2017 Sony ililipa dola milioni 143 kwa asilimia 95 ya hisa. Miaka minne baadaye Sony, kupitia Funimation, iliinunua Crunchyroll, huduma ya kutazama anime mtandaoni, kwa dola bilioni 1.175, na mwaka 2022 jina la Funimation likawekwa kando, kampuni yote ikaitwa Crunchyroll. Mwezi Januari wa mwaka huo AMC Networks ikatangaza kuwa imeinunua Sentai pamoja na huduma yake ya utazamaji mtandaoni, HIDIVE.

Evangelion yenyewe ilikwisha kuondoka Texas. Netflix iliupata mfululizo huo na kuuonyesha kuanzia Juni 2019 kwa sauti mpya kabisa, bila mwigizaji hata mmoja wa wale wakuu wa 1996, na malalamiko yakajaa mitandaoni. Bei ya DVD za zamani za ADV ikapanda kwa waliokuwa nazo. Kampuni ya GKIDS ilipoutoa kwa Blu-ray mwaka 2021, toleo la kawaida lilikuwa na sauti za Netflix. Zile za Houston ziliwekwa katika toleo maalumu la wakusanyaji, lililokuwa ghali kuliko yote.